Sauti ya Chini

Jumanne, 2 Aprili 1963

Mazoezi leo saa kumi. Watu kumi na tisa. Kyrie ya Pasaka, mara tatu, mara nne, mpaka nikaanza kuona raha. Matamshi yamenyooka. Sauti moja. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa misheni ya Bura, na hivyo ndivyo ninavyofundisha hapa Changamwe: watu wengi, mdomo mmoja.

Kisha kwenye mstari wa pili nikasikia kitu chini. Nikadhani ni mtu amepotea. Hakupotea! Alikuwa akienda nasi, tukipanda anapanda, tukishuka anashuka, ila yeye yuko chini, kama mtu anayetembea ng'ambo ya pili ya barabara.

Nikanyamazisha kwaya. Nani huyo?

"Mimi, Mwalimu."

Kanze. Yule mjane wa Chaani anayeuza mahamri na mbaazi kwenye lango la kota za reli. Hajabatizwa bado, yuko darasa langu la wakatekumeni. Hakuogopa hata kidogo. Nikamwuliza nani amemfundisha ujinga huo. Akasema hakuna, imekuja yenyewe. Nyumbani kwao wakitwanga yeye na dada zake ndivyo wanavyoimba, mmoja juu, mmoja chini.

Nikamwambia hivi, naandika kama nilivyosema: "Hapa kanisani, Kanze. Hapa si mangweni."

Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko. Kila mtu anajua marehemu mumewe alikuwa mgema, na mnazi wake ukinywewa pale pale nyumbani kwao; palikuwa mangweni hasa.

Kanze akaikunja karatasi yake mara mbili. Akaiweka benchini. Akatoka. Mdogo wake, Dhahabu, alibaki kwenye mstari wake, lakini hakufungua kinywa tena mpaka mwisho.

Askofu anakuja Pasaka. Kwaya bila nidhamu ni soko. Nilikuwa na haki.


Alhamisi, 4 Aprili

Darasa la ubatizo. Kumi wamekuja, Kanze hayupo.

Mtihani wa katekisimu alikwisha kuupita, tena vizuri kuliko wote. Jina la ubatizo amechagua mwenyewe: Monika. Atakuja. Mtu hawezi kusoma miaka miwili akaacha mlangoni.


Jumamosi Kuu, 13 Aprili

Tumebatiza kumi. Padri Fintan, paroko wetu, alikuwa na orodha ya zamani. Akaita, "Monika." Hakuna aliyesimama. Akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Akaendelea.

Kwenye orodha yangu nilikwisha kumpiga mstari, wino mwekundu. Nilijiambia: akija kuomba radhi, tutaona.

Chaani ni dakika ishirini kwa miguu. Wiki nzima hii ningeweza kwenda. Sikwenda.


Jumapili, 28 Aprili

Mambo mawili.

La kwanza. Kwenye bomba la maji la kota, wanawake wawili wanateta. Mmoja anasema mahamri siku hizi anapika mwenyewe, maana Bi Mangwe amehama. Nikauliza, Bi Mangwe ni nani? Wakacheka. "Mwalimu, si wewe uliyempa jina?"

Amehama! Amerudi kwa mama yake Mwakirunge. Inasemekana ilifika mahali watu wakipita langoni wanamwita jina hilo badala ya kumwamkia. Watu wa kwaya ndio walioanza.

La pili. Baada ya Misa Padri Fintan aliniita. Alikuwa ameketi barazani, miguu juu ya kibao, imefungwa vitambaa. Sukari inamla miguu. Daktari amesema basi, arudi kwao Ayalandi, meli ya Julai. Miaka kumi na minane hapa. Akaniuliza: "Nicanor, karatasi zangu umefika wapi?"

Karatasi zake. Kurasa arobaini na mbili, alizozipiga chapa mwenyewe, zinaeleza jinsi uimbaji wa Kanisa ulivyokua huko Ulaya tangu zama za kale. Alinipa Krismasi nizitafsiri, makatekista wapate kusoma.

"Niko sura ya nne, Padri."

Uongo mtupu. Ziko sandukuni, kamba yake sijaifungua. Nilijua kuimba. Historia ya nini?


Jumatatu, 6 Mei

Nimeanza. Baada ya shule, darasani, madirisha wazi.

Sura ya kwanza. Kumbe kwa mamia ya miaka hakuna aliyeandika hata noti moja! Watawa waliimba kwa kukariri. Mtu alichukua miaka kumi kuzijua nyimbo zote za mwaka, na akifa mwalimu, wimbo aliousahau mwanafunzi umekufa naye. Baadaye wakaanza kutia alama ndogo juu ya maneno, kama miguu ya inzi. Alama inasema panda, au shuka. Haisemi upande kiasi gani.

Sura ya pili. Mtawa mmoja wa Italia, yapata miaka mia tisa iliyopita, akachora mistari, mmoja akautia rangi nyekundu, mmoja manjano. Akazipa ngazi majina kutoka kwenye mwanzo wa kila mstari wa utenzi wa Mtakatifu Yohane. Ut, re, mi… Ndiyo hii do-re-mi yetu! Waimbaji wake wakajifunza kwa siku chache wimbo ambao hawajapata kuusikia. Padri anaongeza hapa: inasimuliwa kwamba wenzake monasterini walimwonea wivu mpaka akahama.

Nimependa. Naona haya kwamba nimependa. Miezi minne zimelala sandukuni.


Alhamisi, 9 Mei

Sura ya tatu.

Nimeisoma mara tatu. Nikatoka nje, nikazunguka uwanja wa shule, nikarudi nikaisoma tena.

Yapata miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Kitabu kidogo cha kufundishia, aliyekiandika hajulikani jina. Kinaeleza: sauti moja inashika wimbo. Ya pili inaufuata kutoka chini, hatua nne, au hatua tano. Ya juu ikipanda, ya chini inapanda. Ikishuka, inashuka. Na anasema ni tamu.

Padri ameandika kwa mkono pembeni: kabla ya kuandikwa bila shaka ilikwisha kuimbwa, nani aliyeanza hajulikani, huenda alikuwa mtu ambaye sauti yake haikufika juu, akajitafutia njia. Halafu anaendelea. Kutoka hapo ndipo yalipotoka mengine yote. Paris na kanisa lao kuu, ambako mmoja alishikilia noti moja ndefu na mwenzake akarukaruka juu yake. Sauti tatu. Sauti nne. Njia ya kuandika muda wa noti, kwa sababu watu wawili wasipokubaliana muda wanagongana. Yote. Kwaya zote za dunia ninazozisikia redioni Jumapili!

Na mahali panapoitwa mwanzo, mtu mmoja chini ya wimbo.

Tena kuna Papa mmoja, miaka mia sita iliyopita, alikasirika na waimbaji wanaokatakata nyimbo vipande vipande. Akapiga marufuku. Nikasema, haya, huyu yuko upande wangu. Nikasoma mbele. Katika marufuku ile ile aliruhusu, siku za sikukuu, sauti ya pili iufuate wimbo kwa hatua nne, kwa hatua tano, kwa nane.

Papa mwenyewe aliacha mlango wazi. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi Changamwe, nikaufunga.


Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwa Padri. Nimemwambia yote. Sandukuni, Krismasi, uongo wa sura ya nne. Halafu Kanze.

Alifumba macho. Nikadhani amelala.

Akasema: "Ile Jumanne nilikuwa kitandani, dirisha liko wazi. Nikamsikia. Nikasema, ahaa, Nicanor amefika sura ya tatu."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Nikangoja Pasaka niisikie tena," akasema. "Pasaka mkaimba kama siku zote. Nikadhani umeona bado haijaiva."

Nikamwomba anipe kitubio. Akasema kitubio cha uongo atanipa sasa hivi, rozari moja. Hilo jingine si lake kulisamehe. Akaomba maji. Nikamshikia bilauri.


Jumamosi, 1 Juni

Madaraka! Ngoma tangu asubuhi, malori ya watu yanakwenda kisiwani, bendera za chama, kina mama na kanga mpya. Mzee Mwidani, mwenyekiti wa baraza la parokia, amelia machozi mbele za watu. Anasema sasa tutajitawala na tutaimba vyetu.

Vyetu vipi? Nilicheka pamoja na wengine.


Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda Mwakirunge.

Basi mpaka mjini, basi jingine, daraja la Nyali likicheza juu ya maji, Kisauni, na kutoka hapo miguu, jua la saa tano. Vumbi jeupe la machimbo unaliona kabla hujamwona mtu.

Kanze anaponda kokoto. Ameketi juu ya gunia chini ya kibanda cha makuti, nyundo mkono wa kulia, mkono wa kushoto kipete cha mpira wa gurudumu kinachoshika jiwe lisiruke. Vidole vimefungwa vitambaa. Mama yake yuko kando, haoni vizuri, naye anaponda kwa kupapasa.

"Hodi."

"Karibu, Mwalimu. Usikanyage kokoto."

Hakuinuka. Nikachuchumaa. Nikamweleza. Watawa, kile kitabu, hatua nne chini, Paris, Papa. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Alisikiliza huku anaponda. Nilipomaliza akaiweka nyundo chini.

"Kwa hiyo Wazungu waliimba hivyo?"

"Waliimba, Kanze. Zamani sana."

"Na kwa kuwa Wazungu waliimba, sasa si mangweni."

Wallahi, kama wasemavyo majirani zangu, alinishika pabaya. Maana ni kweli. Ningekosa kuzisoma karatasi zile ningekuwa mpaka leo nina haki.

Mama yake akauliza huyu ni nani. Kanze akasema, ni mwalimu aliyenipa jina.

Nikasema nisamehe. Akanijibu bila ukali, na heri angekuwa na ukali: "Ulisema mbele ya watu kumi na tisa. Huku umekuja peke yako."

Nikamwahidi. Jumapili ijayo, mbele ya kanisa zima. Akachukua nyundo.


Jumapili, 16 Juni

Jumapili iliyopita nilikuwa na homa. Homa kweli? Kidogo.

Leo nilisimama wakati wa matangazo. Nilikuwa na maneno kichwani. Mbele yangu Mzee Mwidani, mikono juu ya bakora. Wazazi wa wanafunzi wangu. Mkaguzi wa shule na mkewe.

Nikasema: "Palitokea kutoelewana kidogo baina yetu na mmoja wa wanakwaya. Tunasikitika."

Kutoelewana. Kidogo. Baina yetu!

Nikakaa. Dhahabu alikuwa ananiangalia kutoka mstari wa mbele wa kwaya. Mimi ndiye niliyeinamisha macho.


Jumanne, 18 Juni

Baada ya mazoezi Dhahabu alibaki kukusanya vitabu. Mtoto mpole, mfanyakazi wa ndani wa Wahindi, hajawahi kunijibu neno. Nikamwuliza dada yake amepata habari ya Jumapili? Akasema, nimemwambia neno kwa neno, Mwalimu. Amesema nini? Hakutaka. Nikamsihi.

"Amecheka. Ameuliza, huyo Kutoelewana ni nani? Ndiye aliyenifukuza?"

Akavipanga vitabu vizuri kabatini. Akaniaga kwa adabu.


Jumanne, 25 Juni

Padri Fintan ameondoka.

Hakungoja meli. Mguu wa kushoto umekuwa mweusi, daktari akaamuru ndege. Niliitwa shuleni saa nne, nikakimbia na chaki mikononi. Gari tayari linanguruma, wamemlaza nyuma. Nikaingiza kichwa dirishani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Sura ya tatu, Nicanor?"

"Nimeimaliza."

"Kuitafsiri?" akasema, "au…"

Masista wanaomwuguza wakasema ndege haingoji. Kutoka hapa mpaka kiwanjani si mbali, nimeisikia ikiruka nikiwa nimesimama mbele ya darasa la tano. Wanafunzi wakakimbilia madirishani. Sikuwazuia.

Alingoja miaka kumi na minane kuisikia sauti ile. Akaisikia mara moja, kwa dirisha, mistari miwili. Nami ndiye niliyeikata.


Jumapili, 30 Juni

Leo nimesema.

Baada ya Komunyo, kabla ya baraka. Padri mgeni, mchanga, aliniruhusu bila kujua ni nini. Sikusimama kwenye mimbari. Nilisimama mbele ya kwaya, mahali pale pale.

Nikasema: Jumanne ya tarehe mbili Aprili, hapa, nilimwambia Kanze wa Chaani kwamba hapa si mangweni. Hakuwa amekosa. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Nilimtukana, na nilimtukania marehemu mumewe, na jina mnalomwita limetoka kinywani mwangu. Amekosa ubatizo kwa ajili yangu. Kama mlicheka, mlicheka kwa sababu mwalimu aliwapa ruhusa.

Mtoto akalia nyuma. Padri mchanga akatoa baraka haraka haraka.

Nje, Mzee Mwidani akanivuta pembeni. "Nicanor, mwalimu hajivui nguo hivyo mbele ya wazazi. Ungeandika barua." Wanaume wa sauti nzito walipita bila kuniamkia. Mmoja tu, Nguma wa karakana ya reli, alinishika mkono, akaushikilia, akaenda zake.

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Jioni nimepita bombani, na yule mwanamke wa siku ile anamwambia mwenzake: "Leo Mwalimu amemwombea radhi Bi Mangwe."

Neno nimelitoa. Kulirudisha siwezi.


Jumamosi, 6 Julai

Mwakirunge. Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti, nimeketi kwenye gunia alilonipa.

Nilifika saa nne. Dhahabu alikwisha kumweleza. Kanze hakusema asante, hakusema nimekusamehe. Alinipa maji, akaniuliza Padri amefika salama? Nikamwambia amefika, mguu umekatwa, barua imekuja kwa masista. Akaiweka nyundo chini. Akasema: "Alikuwa akinunua mahamri mawili kila Jumatano. Halafu anayagawa njiani."

Hilo sikulijua.

Nikamwuliza habari ya ubatizo. Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, padri mpya anakubali. Jina lake nimeliandika upya, kwa wino wa kawaida. Akasema tutaona, Mwalimu. Hapa jirani pana watu wa kanisa jingine, wanaimba chini ya mabati kila jioni, wamemwita mara mbili. Hawana Kilatini. Lakini hawajamwuliza nani amemfundisha.

Nikamwambia anieleze basi ile sauti nipate kuiandika, niwafundishe wengine. Nikatoa karatasi yenye mistari minne. Akaitazama. Akaisukuma kwa kidole.

"Usiandike kwanza. Imba."

"Niimbe ipi?"

"Mimi nashika ya juu, ile yako. Wewe njoo chini."

Kyrie. Akaanza, matamshi safi kabisa, kila silabi mahali pake. Nikaingia chini. Silabi ya tatu nikajikuta niko juu pamoja naye. Akaacha. Tena. Nikajikuta juu. Wanawake wa kibanda cha pili wakaacha kuponda, wakasikiliza. Tena! Nikaziba masikio, nikapotea kabisa, nikatoa kitu kama ng'ombe. Wakacheka. Yule mama asiyeona akasema: "Usizibe, mwanangu. Ukiziba utamfuata vipi?"

Mara sita nimejaribu. Miaka kumi na minne nimewafundisha watu kuimba kama mimi. Kuimba kando ya mtu sijui. Najua ni hatua nne, nimetafsiri, naweza kuichora. Kooni haimo.

Amekwenda kuchota maji. Amesema akirudi tuanze tena, na nisiguse nyundo yake. Saa nane sasa. Basi la mwisho kutoka Kisauni ni la saa kumi na mbili, na mwendo ni mrefu. Nikiondoka sasa nitalipata vizuri.

Namwona kule kwenye mteremko, ndoo kichwani. Ameanza kabla hajafika. Ni ile ya juu, polepole, na kila mwisho wa mstari anasimama kidogo, ananingoja niingie chini. Wanawake wananitazama.